Picha Kubwa ya Bibi Mok

Barua ya hospitali ilifika Jumanne, siku moja na tangazo kwamba lifti haitatengenezwa wiki hii pia, na jioni hiyohiyo Bibi Mok akasema haendi kokote.

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akichambua miba ya samaki kwa vijiti na kuipanga pembeni mwa bakuli, kama mtu anayesema kesho hatataka wali. Mwanawe Chi-hang, fundi wa viyoyozi, aliacha kutafuna. Mkewe Chi-hang, Wai-sim, ambaye kila siku alikula amesimama kwa kuwa meza yao ilitosha watu wawili na nusu, aliirudisha sufuria jikoni bila kupakua.

"Mama, miaka miwili tumeingoja nafasi hii," Chi-hang akasema. "Ijumaa saa mbili asubuhi uwe wodini, Jumatatu wanakutengeneza moyo. Ukikosa, unarudi mwisho wa foleni."

"Foleni unanifundisha wewe? Mimi nilipanga foleni na ndoo enzi za maji ya mgawo, baba yako hajanioa."

"Daktari alisema moyo huo hauvumilii baridi nyingine."

"Daktari yule ni mtoto wa juzi. Na mimi sijakataa kupasuliwa, wanipasue wanavyotaka. Nimesema sitoki humu ndani mpaka nipigwe picha yangu kubwa."

Hapo Chi-hang akaweka vijiti vyake chini. Katika jumba lao la Wing Fuk, na Hong Kong nzima kwa watu wa rika lake, picha kubwa ni moja tu: ile inayotangulizwa mbele ya gari la maiti, kisha ikarudishwa nyumbani kukaa juu ya madhabahu na kufukiziwa udi. Hakuna aliyeitaja kwa jina refu zaidi ya hilo. Wazee husema ukiipiga ungali mzima, kifo hukuona umejiandaa, kikaenda kwa jirani mzembe. Usipoipiga, wanao watahangaika dakika ya mwisho kutafuta uso wako.

Wamok walikuwa na ushahidi ukutani. Mzee Mok, mume wa bibi, aliondoka duniani ghafla miaka kumi na mmoja iliyopita, na picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya kitambulisho, ikakuzwa mpaka chembechembe zake zikaonekana kwa macho. Alitazama pale juu kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi na keshakiri. Kila asubuhi Bibi Mok alimwashia udi vijiti vitatu na kumwomba radhi.

"Simu yangu ina kamera nzuri," Chi-hang akasema, akainuka na kumpiga mama yake papo hapo, chini ya taa ya jikoni, mdomo ukiwa na samaki.

Bibi Mok aliiweka simu mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. "Huyu ni nani? Muuza vyura wa sokoni?"

"Ni wewe, mama."

"Simu ni ya kupigia picha chakula. Mimi si chakula."

Akarudi kwa samaki wake. Wai-sim alimtazama mumewe, mumewe akatazama dari, na ikawa wazi ni nani katika nyumba ile atakayeitafuta picha hiyo.

*

Asubuhi ya Jumatano Wai-sim alimpigia simu Bwana Ngai, mwenye studio ya karibu na kituo cha tramu, ambaye amezipiga picha kubwa za nusu ya wazee wa mtaa ule na anaijua kazi yake.

"Mlete saa tano, nikishafungua," Bwana Ngai akasema.

"Hawezi kushuka, moyo haumruhusu. Lifti imekufa wiki ya tatu leo. Uje wewe, mzee wangu, nitakulipia teksi."

"Mnakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya kumi na sita."

"Dada, mimi nina miaka sabini na minne na goti la chuma. Nikipanda huko mtahitaji picha kubwa mbili, na mpiga picha hatakuwepo."

Alijaribu studio nyingine mbili. Moja sasa inauza chai ya maziwa. Nyingine ilimjibu kwamba wao hupiga maharusi tu, na sauti ya msichana aliyepokea ilikuwa kama ya mtu aliyeguswa na kitu kichafu.

Akarudi kwa mama mkwe na hoja. Wabebaji wa hospitali watakuja Ijumaa na kiti chao cha kushushia wagonjwa, kwa nini wasipitie studio? Bwana Ngai akiombwa vizuri atafungua alfajiri.

"Nipigwe nimefungwa mikanda kwenye kiti kama kabati linalohamishwa?" Bibi Mok akasema. "Nitakaa kwenye kiti changu, ndani ya nguo zangu, nyumbani kwangu. Nikishavuka kizingiti hicho mimi ni mgonjwa, na mgonjwa hana uso wake mwenyewe. Nimewaona wodini. Wote wanafanana."

"Mama, ni maisha yako tunayoyazungumza."

"Ndiyo maana nayazungumza mimi."

Wai-sim alitoka akaenda kusimama kwenye korido, kwenye harufu ya udi na samaki mkavu wa majirani, akakunja ngumi akazikunjua. Miaka ishirini na sita ameishi na mwanamke huyu katika vyumba viwili. Anajua kikohozi chake cha kweli na kikohozi chake cha kutaka chai. Kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akilala jicho moja wazi, akisikiliza kupitia ukuta wa mbao pumzi ile inayovutwa kwa taabu, na kila ikikawia huketi kitandani mpaka aisikie tena. Hilo hajamwambia mtu, hata Chi-hang.

*

Mtu angeuliza: mpiga picha anakosekanaje Wing Fuk? Kwani ni wapi duniani penye kamera nyingi kuliko ua wa jumba lile?

Majengo yake matano yamebanana bega kwa bega kuzunguka ua mmoja, na ukisimama katikati ukainua uso huoni kitu ila madirisha, viyoyozi, vyuma vya kuanikia, na kipande cha mbingu kisichozidi ukubwa wa meza. Ndicho walichokijia wageni. Walianza kuja wawiliwawili, wakaja kwa makundi, wakapanda jukwaa la saruji lililo katikati ya ua, wakapiga. Walipiga shuka za watu, walipiga chupi za watu, walimpiga mzee wa ghorofa ya tatu akikata kucha dirishani. Mmoja alirusha kidude chake cha kupaa chenye kamera mpaka usawa wa choo cha Mama Yip wa ghorofa ya tisa.

Vita ya kuwafukuza ilikuwa na majemadari wawili, na wote walikaa nyumba moja. Bibi Mok alipiga kelele kutoka juu mpaka moyo ulipomkataza. Wai-sim, katibu wa kamati ya wakazi, ndiye aliyeandika kwa mkono wake bango lililobandikwa jukwaani: HAPA WANAISHI WATU. USIPIGE PICHA. NENDA KAPIGE KWENU. Sentensi ya tatu kamati haikuipitisha, aliiongeza mwenyewe.

Na Jumapili iliyopita beseni la maji ya kulowekea majani ya haradali yenye chumvi lilimponyoka Wai-sim dirishani. Kuponyoka ndilo neno alilolitumia mbele ya kamati. Maji yalishuka ghorofa kumi na sita yakamkuta mtu mmoja mnene aliyevaa kizibao cha mifuko mingi, yakamlowesha yeye na kamera yake. Mtu yule hakutukana. Alijipangusa uso, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu madirisha kwenda juu, moja moja, mpaka alipofika kwenye la Wai-sim. Kisha akafunga vitu vyake akaondoka.

Ni kule kutotukana kulikomkosesha Wai-sim raha tangu siku ile. Maji yakimwagika hayazoleki, tena yakiwa yamemwagikia kamera ya mtu.

*

Alhamisi alitoka mapema kwenye duka la mikate anakokanda unga tangu alfajiri, akasimama uani saa nane mchana, bado na aproni. Mlinzi wa jumba, Mjomba Biu, aliyekuwa akila karanga kwenye kibanda chake, alimwona akipanda jukwaani.

"Katibu, leo umeshuka na beseni au umeliacha juu?"

"Kula karanga zako, mjomba. Namtafuta mpiga picha."

"Umfanye nini?"

"Nimpandishe kwangu."

Mjomba Biu alisahau kutafuna. Akatoka na kiti chake nje ya kibanda apate kuona vizuri.

Wa kwanza walikuwa mume na mke wazungu. Walipomwona mwanamke mwenye aproni anawajia kwa haraka wakaangalia bango, wakaangaliana, wakaenda zao karibu kukimbia. Wa pili walikuwa wasichana watatu Wakorea. Wai-sim aliwaonyesha kwa mikono: kamera, juu, bibi, picha. Wasichana wakainama kuomba radhi. Akawaambia hapana, si hivyo, pigeni. Wakainama tena, chini zaidi, wakafuta picha zote kwenye simu zao mbele yake ili aone, wakaondoka kinyumenyume.

"Bango lako linafanya kazi," Mjomba Biu akasema. "Kamati ikupe zawadi."

Wai-sim alihisi uso unamwaka. Wakazi wawili waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walisimama kutazama katibu wao akiwakimbiza watu awaombe kile alichowakataza. Alikuwa karibu kumpigia Chi-hang simu kazini aje ambebe mama yake kwa nguvu, liwalo na liwe, ndipo akaona kizibao cha mifuko mingi kikiingia kupitia uchochoro wa duka la dawa.

Yule mtu naye alimwona. Alisimama, akatoa mfuko wa plastiki kwenye mfuko mmojawapo wa kile kizibao, akaifunika kamera yake taratibu, akaufunga fundo.

"Leo hakuna maji," Wai-sim akasema.

"Watu wa ghorofa ya kumi na sita siwaamini."

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka. Lile beseni halikuniponyoka."

"Najua. Beseni likiponyoka, linakuja na lenyewe." Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kutangaza. "Yalikuwa maji ya nini? Yamenuka siku tatu."

"Ya haradali ya chumvi."

"Fundi aliniambia ni chumvi. Nikamwambia mtaani kwetu hata mvua ina chumvi siku hizi. Kamera imepona, lakini kwa kudra tu."

Aliitwa Szeto, dereva wa basi mstaafu wa Kowloon. Wai-sim alimweleza yote kwa pumzi moja: barua, Ijumaa saa mbili, moyo, picha kubwa, lifti, goti la Bwana Ngai. Szeto alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Dada, mimi sipigi watu," akasema mwishowe. "Nimeendesha basi miaka thelathini na mmoja. Watu nimewaona wa kutosha. Jumba halikuulizi kituo kinachofuata ni kipi. Halikuambii limetoka vibaya. Mtu nikimpiga mkono unatetemeka. Na hiyo si picha ya kujaribia. Nikimharibia bibi wa watu picha yake ya mwisho, nitalala?"

"Ukiiharibu ni bora kuliko isiwepo."

"Hapa pameandikwa usipige picha," akasema Szeto, akionyesha bango kwa kidevu.

"Nimeliandika mimi."

"Sentensi ya tatu pia?"

"Hiyo hasa ni ya kwangu."

Mjomba Biu akaisoma sentensi ya tatu kwa sauti kutoka kitini pake, asije mtu akaikosa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Wai-sim aliinama kweli. Alishika mikono yake mbele ya aproni, akainamisha kichwa chini ya bango lake mwenyewe, mbele ya mlinzi na wale majirani wawili na mikoba yao ya mboga, akakaa hivyo.

"Ni mama yako?" Szeto akauliza.

"Mama wa mume wangu."

"Na unahangaika namna hii?"

"Ananichokoza tangu niolewe, kaka. Nikifagia anasema nimeruka kona. Nikivaa vizuri anauliza nakwenda wapi." Alitaka kuongeza mzaha mwingine, akauacha. "Nampenda. Nisipoisikia sauti yake asubuhi sijui hata nianze wapi."

Szeto aliinua uso akatazama madirisha kwa muda, kama alivyozoea. Kisha akaanza kufungua fundo la mfuko wa plastiki.

"Kumi na sita, ulisema. Basi nilihesabu sawa."

*

Walipanda polepole, yeye na begi la lenzi, Wai-sim na miguu mitatu ya kamera begani. Katika ghorofa ya nne Szeto alivua kizibao. Katika ya tisa aliketi kwenye ngazi, uso mwekundu, na Mama Yip akafungua mlango wake wa chuma.

"Wai-sim, umemkamata mmoja?"

"Ni mgeni wangu, shangazi. Anakwenda kumpiga Bibi Mok picha kubwa."

Mama Yip hakuuliza zaidi. Aliingia ndani akatoka na kigoda na glasi ya maji ya moto, akamkalisha Szeto na kumpepea kwa gazeti, yeye ambaye mwezi wa saba alilipiga lile dude la kupaa kwa ufagio likaanguka vipande viwili. Walipoendelea kupanda naye aliwafuata, na wa ghorofa ya kumi na moja akawafuata, hata mlangoni kwa Wamok pakawa na watu sita na pumzi za kumi.

Bibi Mok alikuwa kwenye kiti chake cha mwanzi, amejifunika blanketi. Alimkagua Szeto kuanzia viatu.

"Ndiye uliyemmwagia maji?"

"Ndiye, mama."

"Mpe chai."

Kabla chai haijapoa alitoa chini ya blanketi bahasha nyekundu aliyokuwa ameiandaa tangu Jumanne. Szeto alikataa kwa mikono miwili. Bibi Mok akamwambia picha ya namna hii haipigwi bure, bahati yake hukimbia, na kama hataki bahasha basi ashuke alikotoka. Szeto akaipokea kwa mikono ileile.

Wai-sim alimvisha Bibi Mok koti la pamba la rangi ya samawati nzito, lile la harusi ya mjukuu wake Suk-yi anayeishi Kanada. Akamchana nywele, akazipaka mafuta kidogo zilale. Bibi Mok alikataa rangi ya mdomo, akasema si mcheza opera, kisha akauliza ni rangi gani hasa, kisha akanyoosha midomo.

Tabu ikawa nafasi. Szeto alirudi nyuma hatua mbili akagonga friji. Akajaribu pembeni, akakanyaga ndoo. Mwishowe alijipenyeza kwenye mlango wa jiko, mgongo juu ya sinki na mpini wa karai umemkaa mbavuni, na kutoka hapo akasema anamwona mama wa watu mzima, kuanzia magoti mpaka unywele wa juu. Lakini palikuwa giza. Wai-sim akafungua dirisha, akavuta ndani ule mti wa kuanikia wenye shuka la maua ya waridi, na mwanga ukaingia wote kwa pamoja.

"Shuka hili nalijua," Szeto akasema kwa sauti ndogo. "Miaka mitatu nalipiga. Ni doa la waridi, kutoka kule chini. Sikuwahi kufikiri lina mtu anayelilalia."

"Analilalia nani, unadhani? Njiwa?" Bibi Mok akasema. "Piga. Jua letu ni la nusu saa, likishaupita ukuta ule ndio basi mpaka kesho."

Naye akatazama kamera, na uso wake ukafunga kama duka.

*

Szeto alipiga mara tano, akaangalia, akatikisa kichwa. Alipiga kumi nyingine. Katika zote alikuwa mwanamke mwenye hasira anayetazama mtu aliyemkanyaga.

"Mama, tabasamu kidogo."

"Nimtabasamie nani? Wewe nakujua?"

"Fikiria jambo zuri," Mama Yip akasema kutoka mlangoni. "Mfikirie Suk-yi."

"Suk-yi hajapiga simu tangu sikukuu ya mwezi mpevu."

Akajaribiwa kwa vichekesho, kwa chungwa, kwa habari za marehemu mama mwenye nyumba aliyekuwa akimchukia. Alicheka hapo, lakini alicheka vibaya, na alipoonyeshwa alisema hawezi kuwekwa juu ya madhabahu na uso wa kufurahia msiba wa mtu. Jasho lilimtoka Szeto likadondokea sinki. Chi-hang alipiga simu kutoka kazini kuuliza imekuwaje, Wai-sim akamkatia. Mstari wa kivuli ulikuwa umeshaingia dirishani, umepita sakafu, unapanda mguu wa kiti.

"Niliwaambia sipigi watu," Szeto akasema.

"Mama, tafadhali," Wai-sim akasema. Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti akimnyoosha pindo la koti, kwa mara ya ngapi hata hajui. "Yoyote tu. Chagua yoyote kati ya hizo, kesho twende. Nakuomba."

Bibi Mok alimtazama pale chini. "Ondoka hapo. Nenda kasimame nyuma ya bwana huyu."

"Kule hakuna nafasi, mama."

"Jibanze."

"Nani atakushikia koti?"

"Koti lina vifungo. Nenda."

Wai-sim akaenda. Ilimbidi apande juu ya ndoo iliyofunikwa, ubavu ukutani, kidevu juu ya bega la dereva wa basi.

"Hang ni mwanangu, lakini husahau hata siku aliyozaliwa mwenyewe," Bibi Mok akasema. "Suk-yi yuko ng'ambo. Nikiwekwa pale juu, udi wangu wa asubuhi atawasha nani? Vumbi langu atafuta nani?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema, maana ndilo lenyewe. Ni wewe. Hawa wengine watakuja siku moja, wataniangalia, watakula, watakwenda zao. Wewe utaamka na mimi. Sasa natakaje kutazama mashine ya mtu nisiyemjua? Nitakuwa nakutazama wewe kila siku, basi nikutazame wewe. Tulia hapo nikuone."

Wai-sim alitulia.

"Usilie," Bibi Mok akasema. "Ukilia na mimi nitalia, na uso wa kulia utaukaa nao wewe humu ndani, si mimi."

"Silii, mama."

"Pua imekuwa nyekundu. Ifute."

Wai-sim akaifuta kwa ncha ya aproni, unga ukambaki puani, na kule mlangoni Mama Yip akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Bibi Mok aliuona ule unga. Hakusema kitu juu yake. Alimtazama mkwewe waziwazi, bila kutafuta kosa, kama mtu anavyomtazama wa kwake akirudi salama jioni, na uso wake mzima, kuanzia machoni, ukafunguka.

Szeto alibonyeza mara moja tu, akashusha kamera. Hakuiangalia. Aliinyoosha mbele akampa Wai-sim, na Wai-sim akampelekea mama mkwe, pamoja na miwani yake.

Bibi Mok aliitazama kwa muda mrefu. Kivuli kikafika kwenye magoti yake, kikafika kwenye mikono. Kisha akaigeuza kamera ili mkwewe naye aone.

"Huyu," akauliza, "utaweza kuishi naye?"

"Nitaweza, mama."

"Basi nipangie begi."